Rihabu wanataka atibiwe akili kwanza, hospitali wanataka aache bangi kwanza. Tuanzie wapi?

#1 Nyar Kano

Wadau, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya, leo maji yamenifika shingoni.

Niko Kisumu, upande wa Manyatta. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23, alikuwa anaosha magari kando ya ziwa. Tangu mwaka jana amebadilika. Anasikia watu wakimsema na chumbani hakuna mtu. Mtangazaji wa redio akisoma habari, yeye anasikia jina lake likitajwa. Ameziba kila tundu la mabati kwa sabuni ya kipande, anasema sauti zinapenyea hapo. Sabuni ikikauka na kudondoka, anaomba nyingine. Usiku halali. Na bangi anavuta, hilo silifichi. Alianza akiwa kidato cha pili, siku hizi anawasha kabla hata ya chai ya asubuhi. Muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, ameuongeza majuzi tu.

Shida yangu ni hii. Tulimpeleka kituo kimoja cha rihabu, cha kuwaachisha watu ulevi, sitakitaja. Wakamsikiliza, wakasema huyu ana ugonjwa wa akili na wao wagonjwa wa akili hawapokei, atibiwe kwanza ndipo arudi. Tukaenda hospitali, nayo sitaitaja. Tukapewa vidonge na kuambiwa hii ni bangi tu, asipoacha mnatupa pesa. Vidonge akameza siku chache, akaviweka kando.

Baba anasema tumwache akione cha mtema kuni. Mama anasema amerogwa na majirani wa nyumbani, Ahero. Mimi niko katikati na ndiye mlipaji.

Tuanzie wapi? Kuna aliyepitia haya?

#2 Jaba Juu

Bangi haileti wazimu. Mzee wangu amevuta tangu enzi za Kenyatta wa kwanza na mpaka leo anahesabu ng'ombe wake bila kukosea. Huyo dogo ana shida zake, msisingizie majani.

#3 Mtumishi Vihiga

Dada, pole sana. Sauti hizo si za bangi wala za hospitali. Mleteni maombini, tufunge naye siku saba. Nimeona vijana wengi wakifunguliwa.

#4 Omera Kondele

Mtumishi, mkifunga naye siku saba bila chakula wala dawa, akianguka nani atajibu? Nauliza tu.

#5 Sista wa Zamu

Nyar Kano, pole. Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili, niko pande za Kakamega. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nianze na swali lako. Vyote viwili vitibiwe kwa pamoja, na pa kuanzia ni hospitali, akiwa bado anavuta. Msingoje aache. Mtu anayetukanwa na sauti usiku kucha atapata wapi utulivu wa kuamua kuacha kitu? Dawa za saikosisi, yaani hiyo hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, zinamsaidia hata anayevuta. Ni kweli bangi inazipunguzia nguvu na inaurudisha ugonjwa haraka, lakini kukaa bila dawa kabisa ni kubaya zaidi. Anayekwambia "aache kwanza" ananiudhi, hata kama ni mwenzangu wa kazi.

Kuhusu kama ni bangi au ni ugonjwa wenyewe. Saikosisi iliyoletwa na bangi kwa kawaida hufifia siku au wiki chache baada ya mtu kuacha. Ukipita kama mwezi mzima bila kuvuta na sauti bado zipo, daktari anaanza kufikiria skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaoleta saikosisi, au ugonjwa mwingine unaojitegemea. Mdogo wako huo mwezi hajawahi kuupata, kwa hiyo leo hakuna wa kukuhakikishia. Kupima mkojo nako hakumalizi ubishi, maana anayevuta kila siku anaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha. Na ubishi huo haubadilishi matibabu ya wiki hii. Hata akiambiwa ni "bangi tu", afuatiliwe kliniki. Denmark waliwafuatilia kwa miaka mingi watu waliopata saikosisi ya bangi, na karibu nusu yao baadaye walikutwa na skizofrenia au ule ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, baipola. Utafiti huo ulitoka 2018.

Jaba Juu, mzee wako nampa heshima yake. Mwaka 1987 Waswidi walichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, wakafuatiliwa miaka 15. Waliosema wamevuta zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Lakini wengi wa hao wavutaji hawakuugua kamwe, na mzee wako ni wa kundi hilo. Hatari inapanda kwa walioanza wakiwa wadogo, wanaovuta kila siku, wanaovuta iliyokolea, na wenye ugonjwa huo kwenye ukoo. Nyar Kano, kwenu kuna mtu?

#6 Nyar Kano

Sista, ahsante. Yuko. Shangazi, dada ya baba. Alikuwa akitembea barabarani akibishana na watu wasiokuwepo mpaka alipofariki. Huyo hata sigara hakuwahi kushika. Nyumbani hatumtaji, na hospitali hakuna aliyetuuliza.

Mama anatukataza kusema habari ya bangi kwa daktari, anaogopa wataita polisi. Kweli wanaita?

#7 Sista wa Zamu

Semeni. Muda wote niliofanya kazi wodini sijaona mgonjwa akikabidhiwa polisi kwa kueleza anachotumia. Tunauliza anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Hilo la mwisho ndilo linalotuamulia tufanye nini usiku huo, hasa kama kuna pombe. Ila asije na misokoto mfukoni. Kupatikana nayo bado ni kosa kwa ile sheria ya dawa za kulevya ya 1994.

Na shangazi mtajeni. Hiyo ni habari kubwa kuliko bangi.

#8 Kijana wa Bondeni

Naona mnamjadili mtu kama mimi kana kwamba sisomi. Nami niseme.

Niko Nakuru, Bondeni. Sauti zilinianza nikiwa chuo, nikaacha chuo, nikawa soja wa usiku kwenye godauni. Zangu ni mbili, ya mwanamume na ya mwanamke. Yule mwanamke anatukana. Watu wanadhani mtu huvuta kwa ukaidi. Bangi haikuwahi kumnyamazisha huyo mama, ukweli usemwe. Ilinifanya nisimjali. Kama saa moja hivi ya kutojali, halafu anarudi na hasira zaidi, safari hii ananiambia soja mwenzangu ametumwa aniue. Nilijua kabisa inanizidishia. Lakini kama hujalala siku nzima, hiyo saa moja utainunua.

Dawa ya kwanza niliyopewa, haloperidoli, ilinikaza shingo ikapinda upande mmoja. Miguu ikakataa kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, usiku mzima nazunguka lango. Hakuna aliyeniambia kwamba hayo ni madhara ya dawa na yana tiba. Nikaona heri bangi, angalau inalegeza. Muguka nao niliutafuna kwa sababu dawa ya jioni inalaza na mimi nimeajiriwa kukesha. Sasa pigeni hesabu: muguka wa kuamsha, bangi ya kulegeza, dawa ya hospitali katikati inavutwa huku na huku. Bosi akinikuta nimelala ananifuta, akinikuta naongea peke yangu ananifuta.

Kuna daktari mmoja akaniuliza bangi inanipa nini. Nilicheka, maana nilikuwa nimezoea kuulizwa kwa nini siachi. Nikamwambia usingizi, na kutojali. Akanibadilishia dawa, akanipa ninayoimeza wakati wa kulala. Dada yangu akaenda kumwona bosi, nikawekwa zamu ya mchana. Muguka ukaisha wenyewe, sikuwa na cha kukeshea. Bangi bado navuta wikendi na daktari anajua, anaiandika kwenye faili bila kufoka. Yule mwanamume alipotea. Mwanamke bado yupo, lakini siku hizi ni kama redio ya jirani, unaisikia na kazi inaendelea.

Nyar Kano, muulize dogo bangi inampa nini. Usimuulize mbele ya baba.

#9 Omera Kondele

Bondeni, hii uliyoandika ningeibandika kwenye ukuta wa kila hospitali.

#10 Jaba Juu

Bondeni, heshima. Sasa muguka nao mmeuonea. Unauzwa kila kona, mchana kweupe, serikali inakula ushuru. Ungekuwa na shida si ungepigwa marufuku?

#11 Sista wa Zamu

Marufuku yalijaribiwa, Mombasa mnamo Mei 2024, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mambo yakaishia kortini. Lakini kuuzwa hadharani hakusemi lolote kuhusu kichwa cha mtu. Chang'aa nayo inauzwa.

Miraa na muguka vina kathinoni, ambayo ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Ndiyo hiyo handasi, ule mchangamko mnaoufuata. Mtu mzima anayetafuna kidogo na wenzake akaenda kulala, wengi wao sitawaona wodini. Ninaowaona ni wanaotafuna mchana hadi alfajiri, siku baada ya siku, hawali, hawalali. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumfanya mtu mwenye akili timamu aanze kuona na kusikia vitu, sembuse aliye na saikosisi tayari. Handasi ikikatika wanateremshia na pombe au bangi ili walale. Hapo unakuta vitatu kwa mtu mmoja, na ndugu wananiambia "anatumia bangi tu".

Kama dogo hawezi kuacha vyote, ningeanza na muguka. Ni mpya kwake, na ndio unaomwibia usingizi.

#12 Mama Obunga

Wanangu, mimi ni mpishi wa chang'aa, Obunga. Nimesomesha watoto kwa drami na molasisi, msinihukumu kabla sijamaliza.

Nilikuwa na mteja, fundi wa viatu, mtu mpole, glasi ya kwanza kabla jua halijatoka. Bila hiyo mkono hauwezi kutia uzi kwenye sindano. Ndugu zake wakaja kutoka Siaya, wakasema pombe imemtia wazimu, wakamfungia ndani ili akauke. Hawakumpiga, walimtakia mema. Mara mikono ikaanza kutetemeka hata kikombe cha uji hakishiki. Ulipofika usiku wa pili akapiga kelele mtaa mzima ukaamka. Anaona siafu wanapanda ukutani, anajipangusa mwilini, anaita watu waliokufa. Jasho linamtoka, mwili moto. Ndugu wakasema mapepo. Halafu akaanguka kifafa, mtu ambaye hakuwahi kuwa na kifafa. Ndipo tukavunja mlango, tukampakia tuktuk mpaka Russia, ile hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, akapona.

Siku hizi mteja wa alfajiri akiniambia ameamua kuacha, namwambia apitie kwa daktari kwanza. Wenzangu wananicheka kwamba nafukuza biashara.

Sista, nilitaka kukuuliza. Ule ulikuwa wazimu au ilikuwa pombe?

#13 Sista wa Zamu

Mama, ilikuwa pombe, au niseme kukosa pombe. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka ukinyimwa ghafla unalipuka. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Kifafa kikija huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuona siafu, kuchanganyikiwa, homa, moyo kwenda mbio, hayo hufika siku ya pili hadi ya nne, na yasipotibiwa yanaua. Hospitali hutoa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, maji, na sindano za vitamini B1, thiamini. Hiyo thiamini itangulie kabla ya glukosi, kwa sababu mlevi wa muda mrefu ana upungufu wake, na ukimwagia sukari mwili uliokauka B1 unaweza kumharibia ubongo.

Bangi haina hatari hiyo. Mtu akiacha bangi leo atakosa usingizi, atakuwa mkali, atakosa hamu ya kula, lakini hatakufa kwa kuacha. Kwa hiyo familia inayomfungia kijana wa bangi inamtesa bure, na inayomfungia mlevi wa alfajiri inaweza kumzika.

Mama, endelea kuwatuma. Hao wanaocheka wasikutie wasiwasi.

#14 Fundi wa Mumias

Kwa hiyo mpishi wa chang'aa ndiye daktari wetu siku hizi. Kenya hii.

#15 Mama Obunga

Fundi, chang'aa ilihalalishwa 2010 na ile sheria ya pombe tunayoiita ya Mututho, ila masharti yake yanataka kiwanda na leseni ambavyo mimi sina. Nicheke ukipenda. Wewe ukiona mtu anatetemeka unamnunulia nini?

#16 Fundi wa Mumias

Soda. 😅 Nimesikia, mama.

#17 Mtumishi Vihiga

Naona nimegeuzwa adui. Sijasema atupe dawa. Kanisani kwetu wako wanaomeza dawa za akili, na mama mchungaji ndiye anayewakumbusha saa.

#18 Omera Kondele

Hiyo ndiyo ungeanza nayo, mtumishi.

#19 Nyar Kano

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mama kwa simu. Ya Bondeni aliomba nirudie.

Nilimuuliza dogo tukiwa wawili tu, namenya viazi. Nikamwambia, hii kitu inakupa nini? Akanyamaza mpaka nikadhani hajasikia, halafu akasema, "Ikiniingia nasahau kuhesabu." Kumbe sauti zinamlazimisha kuhesabu misumari ya mabati, na akikosea anarudia. Hakuna kati yetu aliyejua.

Sasa yuko tayari twende hospitali nyingine, lakini vidonge hataki, anasema tunamtilia kitu. Nilivyonavyo vimeandikwa olanzapini. Na sigara nayo anavuta, pakiti inaisha kwa siku, sikuitaja kwa sababu niliona ni jambo dogo. Pesa ya chakula nikimpa inaishia kwenye base, kijiweni wanakovutia. Na baba amenunua kamba, anasema akizidi atamfunga. Nishauri, sista.

#20 Sista wa Zamu

Kamba irudi dukani. Aliyefungwa akiwa anaamini watu wanataka kumuua ataamini zaidi, na atakukimbia hata wewe. Kama sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, kama amekataa kula na kunywa, au anasema hataki kuishi, hapo msingoje kliniki, nendeni kitengo cha dharura usiku huohuo mkiwa watu wazima wawili anaowaamini. Akikataa na hali ni mbaya, Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa 2022, ina njia ya jamaa kuomba mgonjwa alazwe hata kama hakuridhia. Daktari ndiye anayeamua, si baba.

Sigara si jambo dogo hata kidogo, na nimefurahi umeitaja. Moshi wa sigara, si nikotini bali moshi wenyewe, unalichochea ini liivunje olanzapini haraka. Anayevuta pakiti kwa siku anaweza kubaki na dawa kidogo mwilini kuliko asiyevuta, kwa dozi ileile. Tumbaku anayochanganya kwenye msokoto inahesabika pia. Sasa angalia kinachotokea. Analazwa wodi isiyoruhusu sigara, baada ya siku kadhaa ini linapoa, dawa inapanda, anasinzia na kudondosha mate, ndugu wanasema wamemzidishia. Anatoka, anarudi kwenye fegi, dawa inashuka, sauti zinarudi, ndugu wanasema dawa haifanyi kazi. Kumbe hakuna aliyemgusia daktari habari ya sigara. Kwa klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, ni hivyohivyo na hatari ni kubwa zaidi, maana ikipanda sana inaleta kifafa. Usimwongezee vidonge wewe mwenyewe. Mwambie daktari idadi ya sigara kwa siku, aandike kwenye faili, na siku dogo akiacha au akipunguza sana, aambiwe tena.

Kama vidonge vinamtia shaka, kuna sindano ya mwezi. Tuliyo nayo sana hospitali za serikali ni fluphenazini, wengi wanaijua kama modeketi. Inadungwa kila wiki kadhaa na hakuna ugomvi wa kila jioni nyumbani. Nayo inaweza kukaza misuli, kama ilivyomkuta Bondeni, kwa hiyo mwambieni mapema: shingo ikivuta au miguu ikikataa kutulia, arudi siku hiyohiyo. Huwa tunatoa vidonge vidogo vya kulegeza, beniheksoli, watu huviita ateni. Hivyo uvitunze wewe, mkobani mwako. Vinauzwa mtaani kwa ajili ya stimu, na mtu akivimeza vingi vinamletea kuchanganyikiwa kwingine kipya kabisa.

Pesa: mlipe mama wa chakula moja kwa moja, ale hapo kwa daftari. Pesa ya usafiri kaa nayo.

Na usidhani ni dogo wako peke yake. Marekani walihesabu, matokeo yakachapishwa 1990, na karibu nusu ya wenye skizofrenia, 47 kwa mia, walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya. Wodini ninakofanya kazi mimi pombe na sigara ndizo zinazoongoza, bangi inafuata nyuma, ila bangi ndiyo inayotajwa na kila ndugu anayeingia mlangoni. Pombe tumeizoea kiasi kwamba hatuioni.

Rihabu isiyo na mtu wa magonjwa ya akili msimpeleke kabla hajatulia, na kabla ya kulipa uliza swali moja: nani anatoa dawa za saikosisi hapo, na anakuja mara ngapi? Wakibabaika, ondokeni. Eldoret, pale Moi, wana wodi ya akili na kitengo cha ulevi ndani ya hospitali moja, ikibidi ombeni barua ya rufaa. Ushauri wa bure kwa simu upo kwa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192.

#21 Jaba Juu

Sista, hii ya sigara na ini sikuwahi kuisikia popote. Binamu yangu yuko kwa klozapini na anavuta kama treni. Nampigia mama yake sasa hivi.

#22 Sista wa Zamu

Mwambie asimkataze ghafla. Amwambie daktari kwanza, kisha ndipo waanze kupunguza.

#23 Nyar Kano

Marejesho. Tulikwenda, mimi, dogo na mjomba, baba tukamwacha nyumbani. Tukaeleza yote, bangi, muguka, sigara na shangazi. Daktari kijana hivi, alimwelekea dogo badala ya kunielekea mimi. Alipomtajia kuhesabu misumari, dogo aliinua macho. Akamwambia achague, vidonge au sindano. Akachagua sindano, kwa sababu aliona ikitolewa kwenye boksi jipya mbele yake.

Bangi hajaacha. Muguka amepunguza, anasema akilala vizuri hauhitaji. Bado anakerwa na redio, tumeiweka jikoni. Kilichonishangaza ni baba. Amesikia habari ya shangazi kutajwa hospitali, akanuna, halafu jana akaniambia yule dada yake alikuwa mwerevu kuliko wote darasani. Sikuwahi kumsikia akimsema.

#24 Kijana wa Bondeni

Mwambie dogo wiki za kwanza atachoka sana, isimtishe. Na kazi arudi polepole, magari mawili asubuhi kivulini, siyo siku nzima juani. Dawa nyingine hizi zinafanya ngozi iungue na jua. Mimi niliambiwa nimeshaungua.

#25 Fundi wa Mumias

Sista, nami niulize ingawa nilianza kwa utani. Kuna mke wa kaka yangu huku, alijifungua majuzi, anasema mtoto si wake, na nyumbani wanampa busaa ili apate usingizi na maziwa. Hilo nalo linahusu uzi huu?

#26 Sista wa Zamu

Linahusu, na la kwenu ni la leo. Busaa ikome, haimpi maziwa, na usingizi wake ni wa kudanganya. Mtoto asiachwe naye peke yao hata dakika moja, akae na bibi yake. Mama aliyejifungua karibuni akianza kusema mtoto si wake ni dharura, mpelekeni hospitali usiku huu mkiwa na kadi ya kliniki ya uzazi. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie mko karibu na hospitali gani.